Jina la Baltazari Kanisani

Edina aliandika nia yake Jumamosi, kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la mwanawe Kelvin, akampelekea katekista Felisiani. Ndiyo desturi ya kigango chao, huko mbele ya Kasekese: anayetaka kuombewa huandika, naye katekista husoma wakati wa Maombi ya Waamini. Aliandika: "Tumwombee mume wangu Baltazari, aliyechukuliwa shambani na watu wenye gari kwa sababu alikataa kuhama. Leo siku ya kumi na tisa, hatujui alipo."

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Padri, anayefika kigangoni mara moja kwa mwezi, alikuwepo. Mbele kabisa, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, alikaa mheshimiwa aliyetoa mabati ya kanisa. Mabati hayo! Kila mtu pale alijua nani analimezea mate bonde la mpunga ambalo Baltazari alirithi kwa baba yake. Walijua, na vigelegele wakampigia. Mkono mtupu haulambwi, bwana.

Edina alitaka kitu kimoja tu: jina la mumewe litajwe hadharani, padri alisikie, angalau mtu mmoja aende kuuliza. Mtu asiyetajwa hupotea kirahisi.

Felisiani akasoma. Akawaombea viongozi, hasa mgeni wetu mpendwa. Akawaombea wagonjwa. Kisha akakohoa kidogo.

"Tuwaombee wasafiri wote, akiwemo mzazi mwenzetu mmoja, warudi salama."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," watu wakaitikia.

Msafiri! Msafiri gani huondoka pekupeku, amefungwa kitambaa machoni, jembe limebaki shambani? Waoga wakubwa! Kila mwaka wanahubiri habari za manabii waliowakemea wafalme, leo mabati arobaini yamewaziba midomo.

Edina akatoka kwenye benchi, akasimama katikati ya kanisa.

"Mume wangu hajasafiri. Anaitwa Baltazari. Amechukuliwa kwa sababu ya shamba lake."

"Mama Kelvin, rudi mahali pako," Felisiani alinong'ona kwa ukali, lakini kipaza sauti kikayatoa yote nje. "Tutaongea baada ya misa."

"Baada ya misa mnakula kuku na mgeni. Niombeeni sasa hivi."

Mheshimiwa akatazama saa. Felisiani akawapungia mkono wanakwaya waimbe. Mpiga kinanda akaviangalia vidole vyake, asivisogeze. Padri aliinamia kitabu. Kisha, upande wa wanawake, sauti moja ikaanza, nyingine zikafuata, hadi kanisa zima likaitikia: "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Baada ya hapo wakaanza kukaa, wengine wakipekua mikoba kutafuta sadaka, kama watu waliomaliza kazi.

Edina hakuondoka pale katikati.

"Bwana alishasikia siku ileile alipochukuliwa," alisema, akiwatazama mmoja mmoja, na mwisho padri. "Mimi nawauliza nyie."