Doa Lisilotoka kwa Sabuni

Duka zima la dobi lilimwita Pasi, na jina lake halisi hata tajiri wake alikuwa amelisahau. Kutwa alisimama mbele ya meza ya kupigia pasi, mvuke ukimpanda mpaka kifuani, suruali imelowa jasho tangu asubuhi. Mashati ya watu wasiomjua yalipita mikononi mwake yakatoka hayana hata mkunjo. Doa likiwashinda wenzake, aliletewa yeye. Aliamini doa lolote hutoka, mradi mfuaji asichoke.

Kwa hiyo siku alipoona wekundu na utando mweupe kwenye uume wake, tena na mwasho wa kumtoa mtu machozi, alifanya alilolijua. Alijifungia bafuni akajisugua kwa sabuni ya kufulia na maji ya moto. Kesho yake pakawaka zaidi. Akaongeza sabuni. Wiki ya pili akatia dawa ya madoa kwenye ndoo, akang'ata taulo ili jirani asisikie.

Lakini palipomuuma zaidi hapakuwa hapo. Mkewe, aliyekaa mji mwingine akimuuguza mama yake, alikuwa amekuja kumtembelea siku nne, na mwasho ukaanza wiki moja baada ya yeye kuondoka. Pasi hakuwahi kutoka nje ya ndoa. Alilipindua jambo huku na huku, likamletea jibu lile lile. Ijumaa simu ya mkewe ilipoita saa ya chakula, kama ilivyoita kila Ijumaa kwa miaka mitatu, aliifukia chini ya rundo la mashuka akaiacha itetemeke humo mpaka ikachoka. Akafanya hivyo Ijumaa tano mfululizo.

Chumbani kwake kulikuwa na vikombe viwili. Kile cha mkewe alikifunika kifudifudi rafuni, kisha kila akinywa chai alijikuta anakitazama.

"Pasi, mbona unatembea kama umekanyaga misumari?" aliuliza Mama Vifungo, mshonaji wa duka.

"Kiuno."

"Kiuno gani hicho cha kukunyima chakula? Wifi yangu hajambo?"

"Hajambo."

"Mmeongea lini?"

Pasi akaibonyeza pasi, mvuke ukafoka, akajificha humo.

"Nenda zahanati leo," alisema Mama Vifungo. "Usipoenda, nitakushonea vifungo mdomoni usinidanganye tena."

Akaenda. Tabibu, mwanamume wa makamo mwenye miwani, alimpima, akachukua na tone la damu kidoleni.

"Unajisafishaje?"

Pasi akamweleza yote. Tabibu akaweka kalamu chini.

"Kaka, hiyo ni ngozi, si kola ya shati! Hii ni fangasi. Watu wengi wanayo mwilini na haiwasumbui, ila ikipata joto na unyevu inashamiri. Wewe umeikalisha kwenye mvuke kutwa, halafu ukajichubua na ngozi. Sukari yako nimeipima, iko sawa. Ikiwa juu, fangasi hurudi rudi."

"Aliyeniletea ni nani?"

"Huenda hakuna. Inaweza kupita kati ya mke na mume, inaweza pia kuzuka yenyewe. Huwezi kumshitaki mtu kwa fangasi." Akamsogezea krimu. "Paka mara mbili kwa siku, wiki mbili. Osha kwa maji matupu, jikaushe, badili suruali ikilowa. Na mkeo kama anawashwa, atibiwe."

Pasi alitoka na krimu mfukoni, na aibu.

Ijumaa ya sita aliiweka simu juu ya meza, karibu na shati jeupe alilokuwa akilinyoosha. Saa ya chakula ikafika. Ikapita. Simu haikuita. Akapiga mwenyewe.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Naona."

"Nilikuwa na fangasi. Nikadhani..." Angeweza kuishia hapo. "Nikadhani wewe umeniletea kutoka kwa mtu. Nikakuhukumu bila kukuuliza."



"Ijumaa ile ya kwanza nilikuwa natoka zahanati," alisema mkewe. "Nami nilikuwa nawashwa. Walinipa dawa, wakasema nikwambie ukaangaliwe. Ndicho nilichopigia." Akavuta pumzi. "Sababu ya kukushuku nilikuwa nayo kama wewe. Lakini mimi nilipiga simu."

Pasi akaishika simu kwa mikono miwili.

"Nije Jumapili?"

"Sijui kama nitakufungulia."

"Nitabisha hodi hivyo hivyo."

"Bisha," alisema. "Nitakuwepo." Akakata.

Hapo ndipo harufu ya kuungua ilipomfikia. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati muda wote huo. Akaiinua haraka. Kifuani palibaki alama ya kahawia, umbo lake kamili.

Mama Vifungo akaja akachungulia. "Litatoka hilo?"

Mkono wa Pasi ulikuwa umeshaifikia chupa ya dawa ya madoa. Akaurudisha.

"Halitoki," alisema. "Mwenyewe akija, nitamwambia nimeliunguza mimi."