Nukta Juu ya Nyumba ya Wageni

Usinicheke. Kama huoni wivu, basi hujaoa mwanamke anayechekewa na kila mwenye duka mtaani, au umeoa na hujui anakokwenda. Mimi wa kwangu nilikuwa najua.

Kazi yangu ni kufunga vifaa vya kufuatilia magari. Chenyewe ni kidude kinachoenea kiganjani. Nakificha nyuma ya dashibodi, nakiunga na waya za betri, kinasoma setilaiti na kumtumia mwenye gari nukta nyekundu kwenye ramani ya simu yake. Wenye malori wananijua, wenye boti wananijua, ila wanaume wenye wivu ndio wananijua kuliko wote. Hao nawapa onyo kabla hawajaondoka: penye maghorofa marefu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kwanza, kwa hiyo nukta inaweza kurukia jengo la jirani. "Bosi," huwa nawaambia, "usije ukamvunjia mtu mlango kwa sababu ya nukta." Wanacheka, nami nacheka nao.

Gari la mke wangu nililifungia kidude siku aliyoniletea nimtengenezee taa ya breki. Taa niliitengeneza kweli, usinisingizie.

Tangu hapo nilikuwa nafuta grisi mikononi kila mara ili nitazame simu. Yuko sokoni. Yuko kwa mama yake. Yuko saluni, na mbona anakawia? Nampigia.

"Kila nikifika mahali, simu yako inaingia," aliniambia jioni moja tukila. "Kwani una nini?"

"Nakupenda tu."

Hakucheka. Aliondoa sahani yake na mimi bado nala.

Halafu zikaja Jumatano. Aliniaga kwamba anakwenda kwa fundi cherehani, lakini nukta haikwenda kwa fundi cherehani. Ilikwenda mtaa wa mabenki ikatua juu ya paa la nyumba ya wageni, tena katikati kabisa. Jumatano ya kwanza nilijikaza kisabuni. Ya pili nilikaa na simu mkononi mpaka aliporudi. Yule mwanaume nilimwona waziwazi kichwani mwangu, nikamvalisha suti, nikamvua, nikamvalisha tena. Kila nikimtazama alikuwa mrefu kuliko mimi.

Ya tatu niliacha lori la watu dashibodi ikiwa wazi na waya zinaning'inia, dereva akinipigia kelele, nikadandia pikipiki ya kukodi.

"Karibu, kaka," alisema dada wa mapokezi. "Unataka chumba?"

"Nataka alichoingia mke wangu!"

Alinitazama kuanzia viatu vyangu vya grisi hadi usoni. "Kaka, leo hatuna mgeni hata mmoja. Maji yamekatika tangu jana."

Sikumwamini. Alichukua funguo akanifungulia chumba kimoja kimoja, akinionea huruma ya kuniudhi. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, ndoo tupu. Kwenye dirisha la chumba cha mwisho nikaliona gari letu limeegeshwa mbele ya jengo la pili. Onyo langu mwenyewe likanirudia: nukta imeruka. Mwenye akili zake angerudi kwenye lori. Lakini roho ilikuwa juu. Sawa, si nyumba ya wageni. Na huko je, kuna nani?

Nilimuuliza mlinzi mwenye gari lile ameingia wapi, nikapanda ngazi, nikasukuma mlango bila kubisha.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, leso mkononi. Mbele yake alikaa mama mmoja mnene mwenye miwani, na ukutani palikuwa na bango la ushauri wa ndoa. Mwanaume hakuwepo. Nilichungulia hata nyuma ya mlango.

"Nani wewe?" mama akauliza.

"Mume wake."

Akavua miwani. "Siku zote hizi ananiambia unamfuata kila anakokwenda. Mimi nikamwambia anakuwazia vibaya, arudi nyumbani avumilie. Na leo nilikuwa karibu kumwambia hivyohivyo." Akakunja miwani. "Umejuaje yuko hapa?"

Uongo ninao siku zote, lakini simu ilikuwa mkononi na ramani imewaka. Mke wangu akainuka, akaichukua, akaitazama kwa muda.

"Inaonyesha niko nyumba ya wageni," alisema.

"Inaruka. Penye maghorofa inaruka, mke wangu, hata wateja nawaambia..."

"Kwa hiyo ulianza huko."

Dada wa mapokezi na ndoo zake tupu walinijia machoni, nikaona aibu, na bado nikataka kumuuliza mke wangu kwa nini alinidanganya kuhusu fundi cherehani.

Akaweka simu mezani, na juu yake ufunguo wa gari. "Mama, asante," alisema. "Sitarudi Jumatano ijayo. Wala nyumbani kwake sirudi."

Nilitaka kumfuata, yule mama akanishika mkono. "Mwache!" Nikakimbilia dirishani. Alipita kando ya gari bila kuligeukia, akashika njia kwa miguu, mkoba begani. Alipokaribia kona nikanyakua simu pale mezani, bila hata kufikiri, nione anaelekea wapi.

Nukta ilikuwa palepale, juu ya nyumba ya wageni. Nilipoinua macho, kona ilikuwa tupu, na sikujua amekata kulia au kushoto.