Mbu Waliolelewa Ndani

Kazini walimwita Mama Mbu, naye hakukasirika, maana hata watoto wake wa kuzaa hakuwalea kwa uangalifu ule. Mbu wake walikaa kwenye vizimba vya wavu, katika chumba chenye joto la kupimwa, wakifyonza maji ya sukari kwenye pamba. Vizazi kwa vizazi walizaliwa humo na kufia humo bila kunusa dawa hata siku moja. Walikuwa mbu wa kudekezwa, wasiojua shida.

Kila mwaka, kabla ya kuta za nyumba za watu kupuliziwa dawa, ofisi ilitaka kujua kama dawa hiyo bado inaua. Utaratibu ulikuwa wazi: nenda kwenye madimbwi, chota viluwiluwi, walee wakue, kisha uwapime hao mbu wa mtaani. Lakini madimbwi yana matope, na gari la ofisi lilikuwa na shughuli ya kumpeleka mkubwa kwenye vikao vya kupambana na malaria.

"Kwani mbu si mbu tu?" mkubwa aliuliza.

Basi Mama Mbu akawatia wale wa vizimbani kwenye mirija yenye karatasi za dawa. Kesho yake wote walikuwa chali, miguu juu. Akaandika asilimia mia moja, akatia sahihi. Miaka mitatu mfululizo ikawa hivyo hivyo, na mkubwa akapigiwa makofi ukumbini.

Mwaka huu binti yake alirudi kujifungulia nyumbani, mimba ya miezi saba. Joto lilimtesa, akakilalamikia chandarua.

"Kitoe tu, mwanangu," Mama Mbu akamwambia. "Ukuta umepuliziwa juzi, na dawa hiyo nimeipima mwenyewe."

Mtu akiandika uongo mara tatu kwa mwandiko mzuri, mwishowe yeye mwenyewe anauamini.

Asubuhi moja, akimtandikia binti kitanda, aliona mbu wawili wametulia ukutani, pale pale penye dawa, matumbo yamejaa damu. Mmoja akajinyoosha miguu, akaruka zake dirishani bila haraka yoyote.  Mama Mbu alijua damu ile ni ya nani. Chandarua akakirudisha siku hiyo hiyo, lakini haikupita wiki mbili homa ikampanda binti, wakaenda zahanati.

"Nyumba yenu imepuliziwa?" muuguzi akauliza.

"Imepuliziwa."

"Basi, mama, hii si malaria. Vipimo tulivyoletewa ni vichache, na tumeambiwa ni vya watu wa kule kusikopuliziwa. Kwenu dawa inaua asilimia mia moja." Akaelekeza kalamu kwenye ripoti iliyobandikwa ukutani. "Anywe maji, apumzike. Mjamzito huchoka."

Binti, aliyekuwa akitetemeka ndani ya shuka, akajitahidi kutabasamu. "Mama ndiye aliyeipima, dada. Ndiyo kazi yake."

Alisema kwa fahari, na fahari hiyo ilimchoma mama yake kuliko tusi. Angeweza kwenda duka la dawa, anunue kipimo kimyakimya, na siri ibaki yake. Alikwisha kushika mkoba. Lakini kwenye benchi, nyuma yao, walikaa majirani zake: yule fundi cherehani wa nyumba ya pili kajikunyata, na mke wa mwenye duka kapakata mtoto anayewaka moto. Wote walikuwa wakisubiri kupewa jibu hilo hilo.

"Ripoti hiyo ni ya uongo," akasema. "Waliopimwa ni mbu wa kufugwa, si hawa wanaotuuma. Wapime watu wote hawa."

Muuguzi akavua miwani. "Nani kakwambia?"

"Sahihi hiyo ni yangu."

 Binti akamtazama mama yake. Kisha akauondoa mkono wake kwenye mkono wa mama, akaunyoosha kwa muuguzi, achomwe kidole.