Dansi Aliyoikataa Tabitha

Tabitha Wrenshaw alijivunia jicho lake kuliko sura yake: alidai anamjua mtu kabla hajavua kofia. Mjini Wexcombe walimwogopa kwa hilo. Akishasema fulani bahili, basi huyo ni bahili, hata akijenga kanisa kwa fedha zake.

Jioni ya dansi, kwenye ukumbi wa ghorofani katika hoteli ya mji, mgeni mmoja alikuja kusimama pembeni ya kiti chake. Alikuwa Bwana Cudworth, mrefu, koti jeusi, aliyekuwa ndiyo kwanza amerithi nyumba kubwa ya kilimani. Alisimama nusu saa nzima bila kufungua mdomo. Tabitha alipouangusha upepeo wake makusudi, mgeni aliutazama, akameza mate, kisha akaanza kukagua dari.

"Kiburi hicho, Mama," Tabitha alinong'ona. "Nguzo ya kanisa ina adabu kumshinda."

"Shusha sauti, mwanangu. Nguzo hii ina mashamba."

Mdomo wa Tabitha haukujua kushushwa. Kufikia dansi ya pili, nusu ya ukumbi walikuwa wanamwita yule bwana Nguzo.

Mara mzee Pargeter, msimamizi wa dansi, akaja huku anafuta midomo, akawatambulisha. Bwana Cudworth akainama.

"Utanipa heshima ya dansi hii, Bi Wrenshaw?"

"Asante, bwana. Nimechoka."

Hapo ndipo alipokumbuka. Kwa adabu za kwao, mwanamke akimkatalia mwanamume mmoja hachezi tena na yeyote mpaka watu waage. Na Tabitha alikuwa radhi akose chakula cha Krismasi kuliko kukosa dansi! Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akakaa.

Bwana Cudworth naye, badala ya kwenda kutafuta mwingine wa kucheza naye, alivuta kiti akakaa karibu. Tabitha aliudhika mpaka akakosa la kusema, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu abatizwe.

Dansi mbili zikapita.

"Samahani kwa kusimama kando yako kama mjinga," Bwana Cudworth alisema hatimaye. "Tulikuwa hatujatambulishwa, na kabla ya hapo si adabu nikusemeshe. Niliogopa nikiokota upepeo nitalazimika kusema neno. Na mzee Pargeter alikataa katakata kuiacha nyama yake aje kututambulisha."

Kumbe! Tabitha alihisi uso unamwaka moto kwa aibu. Alimtazama upya, na safari hii alimpenda.

"Ila sikujuta kusubiri," bwana aliendelea. "Nilipokuona tu nilijua: huyu ni mpole, hana maneno mengi."

Mama alimfinya Tabitha kiunoni. Nyamaza, kidole kilisema, nyamaza na nyumba ya kilimani ni yako. Tabitha alimtaka mtu huyu, na alijua kwamba akifungua mdomo huenda akampoteza. Lakini kunyamaza mpaka kaburini? Alicheka kwa nguvu hadi wapiga fidla wakageuka.

"Bwana Cudworth, jioni hii peke yake nimekusengenya kwa watu kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja?"

"Kumi na wawili, tukimhesabu kasisi."

Bwana Cudworth hakucheka.

"Basi nilikosea kabisa," alisema.

"Hata mimi."

"Tuanze upya, basi. Utacheza nami?"

"Sasa hivi? Nimekwisha kukukatalia mbele ya watu! Nikiinuka na wewe, hapa Wexcombe watasema jambo moja tu, kwamba tumeshachumbiana."

"Watakuwa wamekosea," alisema Bwana Cudworth. "Kama sisi."

Tabitha akainuka. Fidla moja ilipoteza wimbo. Kabla hawajafika mwisho wa mstari wa wachezaji, mke wa kasisi alikuwa anafuta machozi ya furaha, na mama yake Tabitha alikuwa anapokea pongezi kwa mikono miwili, bila haya hata chembe.

"Wanatupongeza," Bwana Cudworth alinong'ona, masikio yamemwiva. "Niende nikawaambie si kweli?"

Tabitha alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujua mtu anawaza nini. Alifurahi mno kutokujua.

"Hebu ngoja kidogo," alisema, akamkaza mkono. "Tumalize dansi kwanza."