Pua za Mlangoni

Mkono wa Shaame ulikuwa wa mwanzo kuinuka siku ile jumuiya ya watu wa visiwani, pale Tottenham, London, ilipopiga marufuku ulevi. Ilikuwa mwaka tisini na saba, wiki moja baada ya vijana kupasuana kwa chupa harusini. Mwenyekiti Mahmood akatangaza kwamba atakayeonekana kalewa, au kanuka tu, ukumbini haingii: si harusi, si maulidi, si hitima.

Kamati ikaweka wazee wawili mlangoni. Ukifika unakumbatiwa, unaulizwa hali, na huku pua inafanya kazi yake. Walevi hawakuacha, walijifunza kutafuna karafuu kwenye basi. Kamati ikajifanya janja zaidi, ikaamua kwamba anayenuka karafuu ana lake jambo. Wapemba hao, waliolelewa na karafuu, wakawa wanaikimbia kama najisi. Walevi wakahamia peremende za mnanaa, wakapita wanachekelea.

Shaame habari hiyo hakuwa nayo. Alikuwa hospitali akimuuguza mkewe, Zahra. Zahra akafa, akamwacha mgane. Hitima ya arubaini ikapangwa ukumbini, Jumapili. Chuo cha Kurani Shaame aliishia njiani, Yasini haijui. Wa kumsomea mkewe walikuwa pale ukumbini, naye alitaka tu kukaa katikati yao aitikie amin.

Tangu Ijumaa jino lilikuwa likimsumbua. Akafungua kopo la Zahra jikoni, akabana karafuu mbili kwenye gego, kama Zahra alivyokuwa akimfanyia.

Mlangoni mzee Asad alimkumbatia, akamwachia upesi, akamwita Mahmood. Shaame akafunua mdomo kuonyesha jino. Mahmood hakutazama.

"Ndugu yangu, sheria ni sheria. Tukikupitisha wewe, kesho tutamzuia nani?"

"Mwenyekiti, aliyekufa ni mke wangu."

"Tutamsomea. Nenda kapumzike."

Shaame akakaa kwenye ngazi. Yasini ikimfikia nusu nusu dirishani. Basi likipita, inapotea. Baadaye mmoja wa wale wa mnanaa, macho mekundu, akamtolea sahani ya pilau. Pilau yenyewe inanukia karafuu. Shaame hakuigusa.

Marufuku haikumaliza miaka mitatu. Watu walihamishia harusi zao Croydon, kwenye kumbi za kukodi ambako hakuna wa kumnusa mtu. Kamati ikaifuta kimya kimya, hata mkutano haikuita. Mahmood akaja nyumbani kwa Shaame, kofia mkononi, akasema yaliyopita si ndwele. Jumapili kungekuwa na hitima ya marehemu wote, na jina la Zahra lingetajwa.

"Nyinyi wakubwa," Shaame akasema, "kufunga mnafunga kwa ngoma, kufungua mnanong'ona. Arubaini yake mtanirudishia?"

Mahmood akaigeuza kofia yake, akaaga.

Shaame akafungua kopo. Karafuu zilizobaki zilikuwa zimekufa harufu. Akasoma Kulhuwallahu mara tatu, sura aliyoiweza, kisha akajiitikia amin mwenyewe.