Barabara Haifiki Huku

Baba yake mdogo alikuwa fundi wa friji, na tangu binti aajiriwe kwenye wakala wa serikali wa maendeleo ya mji, mzee huyo aliacha kabisa kumwita jina lake.

"Serikali imefika," alikuwa akisema kila akimwona anaingia karakanani. "Hebu mpisheni Serikali akae."

Wateja walicheka, na binti alicheka pia huku akivuta kiti. Karakana ilikuwa chumba kimoja kwenye njia panda, friji zimesimama mpaka kwenye baraza, nyingine hazina milango. Kwa kazi ya chumba hicho alikuwa amelelewa na kusomeshwa baada ya baba yake mzazi kufariki. Ndiyo maana hakuona haja ya kumweleza mtu yeyote pale kwamba kazini bado alikuwa mgeni hasa: kwamba alikuwa akipotea akitafuta ofisi ya uhasibu, kwamba kazi yake ilikuwa kuandika muhtasari wa vikao, na nusu ya yaliyosemwa humo yalimpita juu ya kichwa.

Siku moja baba mdogo alimsemesha huku kichwa chake kikiwa ndani ya friji.

"Serikali, nikuulize jambo la maana. Fundi redio anahamia kwa mwanawe. Chumba chake kule nyuma ya soko ananipa mimi kwanza, kabla hajawaambia wengine. Nami nasikia barabara hii inapanuliwa. Nihame, nisihame?"

Jibu la kweli lilikuwa "sijui". Lakini mama wa vyombo, jirani yao wa ukuta kwa ukuta aliyeuza sufuria na vikombe, alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, na macho yake yalikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa binti. Binti akakumbuka dereva mmoja wa ofisi aliyesema kwenye korido kwamba upanuzi utaishia darajani, kabla ya kufika njia panda. Basi, akayachukua maneno ya dereva akayavika suti.

"Barabara haifiki huku, baba. Kaeni kwa amani."

"Umesikia, jirani?" baba mdogo akasema. "Tuna mtu wetu ndani."

Chumba cha fundi redio kikachukuliwa na mwingine.

Haukupita muda mrefu, binti akaitwa kwenye kikao cha wahandisi aandike muhtasari kama kawaida. Mchoro ulikuwa umebandikwa ukutani. Mhandisi akaeleza kwamba upande wa kulia kuna bomba kuu la maji, kulihamisha ni balaa, kwa hiyo barabara itapita kushoto, daraja litavukwa, na majengo ya njia panda yataondoka. Alikuwa akisema huku akipitisha kidole kwenye karatasi, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi. Binti alikifuata kile kidole kwa macho mpaka kilipopita juu ya karakana.

"Haya yasitoke nje ya chumba hiki mpaka tangazo rasmi," mkuu wa kitengo akamaliza. Alikuwa mama mpole, na alimtazama binti akatabasamu. "Na wewe mgeni wetu, nakuamini."

Jumamosi ile binti alikwenda karakanani akiwa amejikaza kusema. Akakuta baba mdogo juu ya ngazi, ndevu zimepata madoa ya bluu. Alikuwa anapaka ukuta rangi.

"Unaionaje? Nimesema, kama tunabaki, tubaki kwa heshima."

"Imependeza, baba," binti akasema.

Alirudi nyumbani anajichukia. Usiku alijitetea kwamba amekatazwa na mkuu wake, kazi ni kazi. Asubuhi utetezi ule ulikuwa umekwisha nguvu. Alipojichunguza vizuri aliona kwamba mkuu wa kitengo hakuwa sababu. Alichokiogopa ni ile sura ya baba mdogo akiwa juu ya ngazi, jinsi alivyomgeukia na kumwangalia kama mtu anayeangalia matunda ya jasho lake. Hakutaka kuipoteza. Akaenda wiki iliyofuata, akanyamaza. Akaenda tena, akamkuta mama wa vyombo amejaza bidhaa mpya mpaka darini, akanyamaza vilevile, akanywa chai aliyopewa.

Mwishowe alimwendea mkuu wa kitengo ofisini, akamweleza kila kitu, toka ahadi aliyoitoa mpaka rangi ya bluu. Mama yule alivua miwani.

"Sikuweza kukuruhusu siku ile ya kikao na siwezi leo," akasema. "Ila angekuwa baba yangu, ningekuwa nimeshamwambia. Utakalofanya, ulifanye ukijua."

Jioni ileile akaenda. Baba mdogo alikuwa anafunga. Binti alisema mbele ya mlango, haraka, kabla moyo haujamgeuka: barabara itapita hapa, kile alichomwambia hakukijua, alikiokota koridoni.

Mzee alikaa juu ya mashine ya friji iliyong'olewa. Hakuonekana kukasirika. Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Umejua lini?"

Binti akamwambia.

"Kwa hiyo ile siku ya rangi ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, baba."

"Kukosea, hata mimi nimeshaunguza friji za watu. Lakini ulisimama hapo ukanisifia ukuta." Akakitundika kile kitambaa. "Haya. Jirani bado yupo. Nenda kamwambie. Mimi siwezi kukusemea."

Mama wa vyombo alimsikiliza huku akiendelea kupanga vikombe. Alipoelewa, aliacha.

"Mzigo huu nimeuleta kwa neno lako, mwanangu," akasema, na hakuongeza kitu. Binti alitamani aongeze. Alitamani hata atukanwe.

Tangazo lilitoka, mashine zikaja, na ule ukuta wa bluu ulianguka kipande kimoja, rangi ikiwa bado nzima. Mama wa vyombo alihamia kuuza nyumbani kwa dada yake, mbali, na habari zake zikawa za kusikia. Baba mdogo alipata nafasi kwenye ua wa fundi wa kuchomelea vyuma. Mvua ikinyesha anafunika friji kwa turubai na kazi inalala.

Wakala haukumfukuza binti. Mkuu wa kitengo hakuligusia tena jambo lile, na baada ya muda binti akazijua ofisi zote na akaanza kuelewa vikao. Watu wa mtaani wakimuuliza kitu asichokijua, husema hajui, nao humwona anaringa.

Kila Jumamosi huenda uani kumshikia baba mdogo taa anapochomea mirija. Mzee humpokea vizuri, humuuliza kama amekula, humweleza ugonjwa wa kila friji kama zamani. Humwita mwanangu, kwa upole. Wateja wakiuliza ni nani, husema, "Ni binti wa marehemu kaka," kisha huinama kuendelea na kazi. Anafanya kazi wapi, hasemi.