Pampu ya Mgodi Mkongwe

Mchimbaji mmoja, ambaye mji mzima ulimwita Mrefu, alishuka mgodini asubuhi moja akiwa mzima. Njia ya chini ikaporomoka, asionekane tena. Wenzake walichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, wakashindwa. Mkewe alikataa katakata kuitwa mjane. "Mume wangu yuko kazini," alisema, na watu wakazoea kunyamaza.

Mwanawe alikua akawa fundi wa pampu. Juu bondeni ukame ulikuwa umekausha hata miiba, lakini chini maji yalichuruzika bila kukoma, naye aliyavuta ili mashimo yasijae. Mngurumo wa pampu ulifika mpaka jikoni kwao.

"Msikie baba yako anavyokoroma," mama alikuwa akitania. "Hajabadilika."

Madini yakaisha. Familia zilihama moja baada ya nyingine, nyumba za mawe za enzi za mababu zikabaki na makufuli. Msimamizi akamwita fundi.

"Kesho zima pampu. Huko chini hakuna cha kulinda tena."

"Yuko baba yangu."

Msimamizi akainamisha macho. "Najua, ndugu yangu. Amri si yangu."

Fundi alimkuta mama yake akichambua maharage. Alipomweleza, mikono ya mama ikasimama.

"Nani ataizima?"

"Mimi."

"Basi tutakwenda wote. Hutaifanya kazi hiyo peke yako."

Kesho yake walisimama mbele ya pampu, sakafu ikiteleza kwa mafuta. Fundi alishika swichi, asiishushe. Mama akaweka mkono wake juu ya wa mwanawe.

"Maji yatamfikia?"

Alitaka kumdanganya, akashindwa. "Yatamfikia, mama."

Wakaishusha pamoja. Mngurumo ukalegea, ukakatika. Kutoka shimoni ikasikika michirizi ya maji.

Walipanda mlima kurudi nyumbani, mama akipumzika kila baada ya hatua chache. Mlangoni akasema, "Waite majirani waliobaki. Waambie nimefiwa."

Walikuja, hawakujaza hata chumba kimoja. Muuza mkate alimshika mama mabega, na hapo mama akaangua kilio, sauti ikimtoka kama ya msichana, wa umri ule ule aliokuwa nao mumewe alipopotea. Fundi alikaa kizingitini, asiweze kuingia wala kuondoka.